Bushi za Plastiki na Vidole vya Baba

Gerejini, nyuma ya nyumba ya Baba,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu kwanza, maana hata gari huachwa lingurume kidogo kabla ya kutiwa gia. U hali gani huko uliko? Mkeo hajambo? Wale mapacha bado wanapigana, au wamekua wakaanza kununiana? Na lile goti lako? Katika picha uliyotuma mara ya mwisho niliona tumbo limetangulia kama bampa, nikasema goti lina haki ya kulalamika. Usikasirike. Mimi mwenyewe sina la kujivunia. Mgongo unanikamata kila nikiinama, na siku hizi bila miwani siwezi kutofautisha spana ya kumi na tatu na ya kumi na nne. Naijaribu hii, naijaribu ile, na wateja wanadhani huo ni umakini.

Sisi huku hatujambo. Nimeliandika neno hilo nikaliangalia, nikaona kwamba nikianza barua hii kwa uongo sitafika mwisho wake. Basi nianze upya: mke wangu hajambo. Binti yangu hajambo, na mtoto wake ana miezi minne, analia kilio cha mtu mwenye afya. Mimi nipo. Baba hajambo kwa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu.

Najua umekuwa ukipiga simu na mimi nikikujibu mbio mbio: Baba amelala, Baba yuko bafuni, mtandao mbaya. Mtandao haukuwa na neno. Nilikuwa nakukwepa. Kwenye simu wewe huuliza haraka na mimi hujibu haraka, na majibu ya haraka ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo. Karatasi ina subira, hata kwa mtu mwenye mwandiko kama wangu.

Unakumbuka lile boksi la bushi za plastiki ulilotuma kutoka kiwandani kwenu, za kubadilisha zile pete za shaba zinazoshika pini za springi kwenye gari la Baba. Nilikuandikia kwamba alizipokea kwa furaha. Katika habari ile, neno la kweli lilikuwa moja tu: alizipokea. Alikuwa amekaa kibarazani. Akatoa moja, akaipima kiganjani, akaibonyeza kwa kucha, akainusa. Macho yake, kama ujuavyo, yamebaki ya kutambua mchana na usiku tu; ile presha ya macho ikichukua hairudishi. Lakini vidole vyake viliisoma bushi yako kama wewe unavyosoma gazeti.

"Hiki nini?" akauliza. "Kifungo cha koti la jitu?"

"Bushi, Baba. Ametuma Profesa. Wanazitengeneza wenyewe kiwandani kwao."

"Haina uzito."

"Ndiyo sifa yake. Haili pini, haipigi kelele, haitaki grisi maisha yake yote."

"Haitaki grisi," akarudia, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna mtoto asiyetaka chakula. Akaizungusha tena. "Mwambie imetengenezwa vizuri. Kingo zake hazina kwaruzo hata moja. Haya, irudishe kwenye boksi, uliweke kabatini."

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikukuandikia. Aliisifu kazi yako, kisha akaikataa.

Umekaa mbali miaka kumi na saba, kwa hiyo pengine Jumamosi za Baba zimebaki kichwani mwako kama kelele za utotoni tu. Nikukumbushe. Lile gari, ambalo marehemu Mama alikuwa akiliita "mke mwenzangu", lina mahali kumi na nne pa kutia grisi: kwenye springi za mbele, za nyuma, na kwenye pini za magurudumu. Kila mahali pana kichuchu cha chuma. Unabana mdomo wa pampu, unasukuma, grisi mpya inaingia ndani ya bushi ya shaba, na ile ya zamani, nyeusi, yenye mchanga, inasukumwa nje ukingoni. Bila ile ya zamani kutoka, hujatia grisi. Umechafua mikono tu. Hilo alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Inayoingia lazima imtoe mwenzake.

Mama alipotutoka, kazi hiyo ikawa ndiyo wiki ya Baba. Siku sita alikuwa mzee anayengoja kuitwa mezani. Jumamosi alikuwa fundi. Alinyoa ndevu, akavaa ovaroli, akapiga magoti, akaanza na gurudumu la mbele kushoto. Macho yalipokwisha hakubabaika. Mkono wa kulia kwenye pampu, kidole cha mkono wa kushoto kwenye ukingo wa bushi, anangoja. Grisi ikimgusa kidole anasema, "Haya," anafuta kwa kitambaa, anahamia panapofuata.

Yule rafiki yake, fundi rangi mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee Rangi, alikuwa anakuja kila Jumamosi kukaa juu ya debe karibu na ukuta na kumkera.

"Umemaliza kumkanda mgonjwa wako?"

"Wewe umepaka nyuso maisha yako yote. Kazi ya magoti huijui."

"Mimi nilipaka, watu wakaona. Wewe unapaka uvunguni, nani anaona?"

"Anayeendesha anasikia."

Maneno ni yale yale miaka nenda miaka rudi, na wanacheka kana kwamba yametungwa asubuhi ile.

Mwezi wa tatu ndipo Baba alipoingia chini ya gari akashindwa kutoka. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mke wangu aliporudi aliona miguu miwili imetokeza, ametulia kabisa, na alipomuuliza kulikoni, alijibiwa: "Nakagua." Alikuwa amekagua kwa zaidi ya saa nzima. Jioni ile nikakupigia. Ukasema, "Si zile bushi zipo kabatini? Zifunge, hatakuwa na haja ya kuingia chini tena." Nikasema amekataa. Ukasema atatushukuru baadaye. Sikulaumu, Profesa. Kabla hujakata simu nilikwisha kuanza kutafuta spana kwa macho.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo chumba cha pili. Alisikia yote. Akasema, "Mnamwondolea kazi, au mnamwondolea siku?" Nikamwambia mambo ya springi hayajui. Liweke hilo kwenye orodha ya mambo niliyowahi kusema bila akili. Orodha ni ndefu, lakini utapata nafasi.

Baba alipolazwa siku mbili kliniki ya macho, mwanzoni mwa mwezi wa nne, nilifanya kazi ile. Kwa haki, bushi za shaba zilikuwa zimekwisha. Nilipozitoa matundu yake yalikuwa yamepinda kama yai. Zako ziliingia kama kidole kwenye pete. Nililitoa gari barabarani, na lile yumbayumba ambalo tulilizoea hata tukadhani ndiyo tabia yake, halikuwepo. Kimya. Nilijikuta nacheka peke yangu nyuma ya usukani. Bushi zako ni nzuri, mdogo wangu. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata, na usilisahau ukishayasoma.

Sasa nikawa na tatizo. Nikivitoa vichuchu, Baba atajua siku ya kwanza. Nikiviacha, pampu itagoma, maana bushi ya plastiki haina njia ya grisi, vilevile atajua. Basi nikakaa nikafikiri, na ole wake nyumba ambayo mimi nimekaa nikafikiri. Nikachukua pini mpya, nikazitoboa kwa keekee tundu dogo la pembeni, ili grisi iingie kwenye kichuchu na kutokea kwa nyuma, upande wa ndani, mahali ambapo mkono haufiki. Pampu inakwenda vizuri, grisi inaingia, fundi anaridhika. Kisha nikamwambia Baba kwamba nimevisogeza vichuchu vinane nje kidogo ili avifikie akiwa amekaa kwenye kigoda, asipige magoti tena. Vile sita vya ndani aniachie mimi. Alinung'unika, akakubali.

Nilijiona bingwa. Nilikuwa nimempa baba yangu mchezo wa watoto nikauita kazi.

Jumamosi ya kwanza alinyoa, akavaa ovaroli, akakaa kwenye kigoda. Mzee Rangi yuko kwenye debe lake. Mimi nimesimama nyuma na kikombe cha chai ya Baba mkononi. Akabana pampu, akasukuma, kidole kikiwa ukingoni. Akangoja. Akasukuma tena. Akangoja. Ukingo ule ulikuwa mkavu, Profesa, mkavu kama sahani iliyooshwa jana, na mimi nilikuwa nauona.

"Inatoka?" akaniuliza.

"Inatoka, Baba. Tele."

Kile kidole kilibaki palepale kwa muda. Kisha akasema, "Haya," lakini alilisema kwa kuchelewa, akafuta mahali pasipokuwa na kitu, akasogeza kigoda. Mara nane. Mara nane aliniuliza, na mara nane nilimjibu.

Mimi nilikuwa nangoja anishuku. Nilikuwa nimeandaa na maneno kabisa, kwamba grisi siku hizi ni nyepesi, kwamba bushi mpya haimwagi sana. Hakunishuku. Jumamosi ya pili aliuliza tena, nikajibu vilevile. Ya tatu alimaliza vichuchu viwili akaiweka pampu chini, akasema mgongo unamuuma. Ya nne hakuvaa ovaroli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama gari lisilo na breki kwenye mteremko mdogo: huoni kasi mpaka umefika chini. Aliacha kunyoa. Akaanza kumwita mke wangu amfunge vifungo vya shati. Kikombe akakishika kwa mikono miwili, kisha akawa anangoja anyweshwe. Binti yangu alipomletea mtoto, ambaye tangu azaliwe alikuwa halali vizuri ila mapajani mwa Baba, aliirudisha mikono yake nyuma kama mtu aliyeonyeshwa moto.

"Mchukue," akasema. "Nitamwangusha."

Tulimpeleka kwa daktari. Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, akampima damu, akasema ni umri. Mimi nikatikisa kichwa kama mjusi: ndiyo, daktari, ni umri. Siku chache baadaye mke wangu alimkuta kitandani na sindano ya kushonea, anajichoma ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu, kama anavyokagua plagi. Mke wangu akazificha sindano zote za nyumba. Shati langu moja bado linangoja kifungo.

Aliyekuja kunifungua macho ni Mzee Rangi. Alikuja gerejini siku ya kazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Wewe Jeki," akasema, "baba yako anadhani mikono yake imekufa."

"Amekuambia yeye?"

"Ameniambia, akanikataza nisiseme. Sasa unanisikia nasema? Sisemi. Anasema anatia grisi lakini haisikii ikitoka. Wewe unaiona, yeye haisikii. Nikamwambia, si umejichoma sindano ukasikia? Akaniambia, sindano inapiga kelele, hata kiziwi ataisikia. Grisi inanong'ona. Akasema macho yalianza hivyo hivyo, yalianza kwa kukosa vitu vidogo."

Nilikuwa nimeshika nati, nikawa naizungusha tu.

"Kama kuna dawa," akasema Mzee Rangi, "mtafutieni. Yule mtu aliishi kwa vidole vile."

Basi dawa nilikuwa nayo mimi, na ilikuwa sentensi moja, na nilikaa nayo siku tatu. Nilisafisha gereji yote. Nilipanga nati kwa ukubwa. Niliosha kile kibanda cha zana ambacho tangu uondoke hakijaona maji. Mke wangu alipita akaniangalia, akasema, "Unaonekana kama mtu anayetarajia wageni au polisi." Ndipo nikamweleza. Hakunigombeza. Aliweka mkono mdomoni, akakaa chini palepale kwenye tairi.

Alhamisi mchana niliingia chumbani kwa Baba. Kile chumba unakijua: kitanda, redio, kiti kimoja, na ovaroli kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameilaza mapajani viganja juu, kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa avitunze. Nikazima redio.

"Baba, grisi haikuwa inatoka."

Akauliza, "Jumamosi ipi?"

"Zote."

"Ulisema inatoka."

"Nilisema."

"Nikakuuliza na mara ya pili."

"Uliniuliza, Baba."

Nikamweleza yote, bushi za plastiki, pini, tundu. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akisikiliza injini.

"Ulilitoboa kwa keekee ya ngapi?"

"Mili nne."

"Mili tatu ingetosha," akasema. "Nipeleke."

Nikamshika mkono mpaka nje. Nikainua gari kwa jeki, nikatoa gurudumu la mbele kushoto. Akaingiza mkono. Aliipata bushi, akazunguka ukingo wake wote kwa kidole. Nilichomoa pini, nikampa. Akalitafuta lile tundu la pembeni, akalipata, akaweka ncha ya kidole juu yake na kukiacha hapo. Nilikuwa nangoja kofi. Nina miaka hamsini na mbili, nilikuwa nimekwisha kulitega shavu.

"Kazi safi," akasema.

Profesa, afadhali kofi.

"Kwa hiyo mkono mzima," akasema.

"Mzima, Baba. Yote miwili."

"Mwezi na zaidi nimemkatalia mtoto."

Nikamwambia nitakereza bushi nyingine za shaba, nizirudishe zote kabla ya Jumamosi. Akakataa. Akasema bushi hazina kosa, gari linatembea vizuri. Siku ile anatoka kliniki alisikia ulaini ule akadhani wametengeneza barabara. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na mdogo wako? Alijua?"

Hapa ndipo mimi kaka yako, baada ya kutapika uongo wote wa miezi miwili, nikameza mwingine. Nikasema, "Hakujua." Nilidhani nakusetiri. Nilidhani angalau Baba abaki na mtoto mmoja asiye na doa, na kwa kuwa uko mbali, haitakugharimu. Baba alinirudishia pini.

Jioni ile alimwomba mtoto. Alimshika muda mrefu hata binti yangu akaanza kumkumbusha kwamba ni zamu ya kunyonya. Asubuhi akanyoa mwenyewe, bila hata mkwaruzo. Vifungo anafunga, kikombe anashika. Kwa upande wa mikono, tumepona. Ungemwona kwa mbali ungesema tumepona kabisa.

Lakini mimi nikimwambia chai hii hapa, anaigusa kwanza meza, kisha kisahani, kisha kikombe, ndipo anaamini. Nikimwambia leo tarehe fulani, anangoja nitoke amuulize mke wangu. Nikimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani. Juzi nilimwambia Mzee Rangi amekuja. Akasema, "Rangi, kohoa." Mzee Rangi akakohoa, wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka pia ili nisionekane nimesimama pale bila kazi. Hana hasira. Ningeshukuru angekuwa na hasira. Ananiambia "asante" kwa kila kitu, mtu ambaye maisha yake yote alipokea chai kwangu kwa kuguna. Ni ile asante ambayo mtu humpa mhudumu wa hospitali.

Na Jumamosi zimekwisha. Gari halihitaji kitu, na yeye sasa anajua kwamba halihitaji kitu. Wiki iliyopita alimpa mke wangu ile ovaroli, akamwambia aikate vitambaa vya kufutia. Mke wangu ameikunja akaiweka chini ya godoro letu, hajakata. Mimi nalalia hapo.

Tangu siku ile ya kukiri amemuuliza mke wangu mara tatu kama umepiga simu. Hakuniuliza mimi. Sijui kama aliniamini niliposema hukujua. Nadhani anataka kulisikia kwako, aone utasemaje. Na jana aliponisikia nakwaruza karatasi akauliza namwandikia nani. Nikasema, Profesa. Akasema, "Mkeo atanisomea kabla haijaenda." Mke wangu, yaani, si mimi. Kwa hiyo jua kwamba kila neno lililomo humu, pamoja na ile simu yetu ya mwezi wa tatu, Baba atakuwa amekwisha kulisikia kabla yako. Nilifikiria kuiruka ile sehemu inayokuhusu. Kalamu ilikuwa imeshaelekea huko. Nimeiacha. Nisamehe, na usinisamehe, vyote sawa.

Ninachokuomba ni kimoja. Piga simu Jumamosi mchana, wakati ule ambao alikuwa anafika gurudumu la nyuma, na uombe kuongea naye. Usinitetee. Usizitetee bushi, hazijashtakiwa. Usimwambie kwamba tulitaka mema, hilo analijua, na ndilo linalomchoma zaidi. Mwambie ulijua habari ya bushi. Akinyamaza, usikate. Yeye hunyamaza akiwa anasikiliza. Na kama unaweza kupata ruhusa kazini, njoo. Sijui atakuwa na Jumamosi ngapi zaidi, hata hizi tupu.

Nikuambie la mwisho nifunge, mkono umechoka na miwani imejaa ukungu. Leo asubuhi niligonga mlango wake nikaingia, nikasema kama ninavyosema kila siku, "Ni mimi, Baba." Akanyoosha mkono mbele, nikadhani anataka fimbo. Nikamsogelea. Akanishika uso. Akaanza kwenye paji, akashuka kwenye nyusi, pua, mashavu ambayo sikuwa nimeyanyoa, mpaka kidevuni, taratibu, na mimi nimeinama hivyo hivyo na mgongo wangu huu unauma, sikuthubutu kusogea. Alipomaliza akaurudisha mkono wake mapajani.

"Ndiye," akasema.

Msalimie sana mkeo, umwambie shemeji yake bado anaomba ile picha ya harusi yenu. Wabusu mapacha. Huku mke wangu anakusalimu, binti yangu anasema umwone mjukuu wako kabla hajaota meno, na Mzee Rangi anasema amekohoa, yuko hai. Baba sijamwekea salamu mdomoni. Akitaka, atakupa mwenyewe.

Mungu akulinde huko ugenini, aulinde na mkono wako kazini, na atujalie sote tukutane tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi kaka yako, mwenye makosa mengi na mapenzi kwako yasiyopungua,

Jeki